Kabla Masizi Hayajawa Masizi

Rangi ya manjano ya moto wa kuni inatokana na masizi. Yaleyale yanayoganda chini ya sufuria na kumchosha mtu kuyasugua kwa jivu, yakiwa bado ndani ya ulimi wa moto huwa na joto la zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi, na kitu kigumu kikifikia joto hilo hutoa mwanga. Mwanasayansi Michael Faraday aliwaeleza vijana wa London jambo hili katika mihadhara yake ya Krismasi ya mwaka 1860 kuingia 1861, akiwa na mshumaa mezani. Mtu wa Ngombezi, Korogwe, mkoani Tanga, anaweza kulihakikisha leo jioni kwa kijiko na kibatari. Shika kijiko baridi katikati ya mwali wa kibatari, pale penye manjano, na kitatoka cheusi. Kishike juu ya mwali wa buluu wa jiko la gesi lililokaa sawa, na kitatoka na umande wa mvuke tu, bila weusi.

Kijiko hakituambii masizi hayo yametoka wapi. Mafuta ya taa ni kimiminika kiangavu. Kinachotoka kwenye kuni kabla hazijashika moto ni gesi na mvuke. Inakuwaje gesi hiyo igeuke chembe ngumu nyeusi ndani ya sehemu chache za elfu za sekunde? Njiani kati ya gesi na chembe kuna ukoo mzima wa molekuli ambazo hakuna jicho linaloziona. Wanasayansi wamezifikia kwa mwanga wa leza. Maabara zenyewe ziko mbali, California, Napoli na kwingineko, lakini nashikilia kwamba habari waliyoipata inamhusu zaidi anayepikia mafiga kuliko mtu mwingine yeyote, maana molekuli hizo ndizo zinazobeba sehemu ya madhara tunayoyaita kwa ujumla "moshi".

Ngombezi ni kata ya Korogwe iliyokulia katikati ya mkonge. Shamba lake ni miongoni mwa yale ambayo wakulima wadogo walipewa sehemu walime, pamoja na Hale, Magoma, Mwelya na Magunga. Maisha yanafuata kazi ya kukata mkonge na kuupeleka korona, kiwanda cha kutenga nyuzi na jani, na jioni yanarudi jikoni. Jiko la kuni aghalabu liko nyuma ya nyumba, kibanda cha udongo chenye paa la makuti au bati, na ukitazama juu unaona miti ya paa imekuwa myeusi na kung'aa. Kuni ni chochote kilichopatikana: matawi, magunzi, mabua, mashina makavu ya maua ya mkonge. Masika yakifika, kuni zinakuwa mbichi, na hapo ndipo macho yanapoanza kutiririka machozi.

Weusi unaong'aa kwenye miti ya paa si masizi matupu. Umechanganyika na lami, na ndani ya lami hiyo mmejaa molekuli tunazozifuatilia. Zinaitwa kampaundi aromatiki, na umbo lao la msingi ni pete ya kaboni sita. Pete moja peke yake, ikiwa na haidrojeni sita pembeni, ni benzeni, ambayo Faraday huyohuyo aliitenga mwaka 1825 kutoka kwenye mabaki ya mafuta ya gesi ya taa. August Kekulé ndiye aliyependekeza mwaka 1865 kwamba kaboni zake zimeshikana kwa duara. Pete mbili zikiungana ubavu kwa ubavu unapata naftalini, ile ya vidonge vyeupe vinavyowekwa kabatini kufukuza wadudu. Pete nne zilizobanana ni pireni. Ongeza ya tano mahali fulani upate benzopireni, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la kwanza, la vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani kwa binadamu.

Moto unazitengeneza pete hizi wenyewe. Joto linavunja mafuta au mvuke wa kuni kuwa vipande vidogo, na kimojawapo ni asetilini, gesi ileile ya mafundi wa kuchomelea. Penye upungufu wa hewa, pete inanyang'anywa haidrojeni moja, pengo linabaki, asetilini inajibandika hapo. Haidrojeni nyingine inang'oka, asetilini nyingine inaingia, na pete mpya inafunga. Michael Frenklach na wenzake waliueleza mfululizo huo katika miaka ya 1980, na hadi leo ndio msingi wa hesabu nyingi za masizi. Kuni zina mkato wao. Kati ya asilimia 20 na 30 ya mti ni lignini, gundi inayoshikilia nyuzi za mti, na lignini imejengwa kwa pete tangu mti ulipokuwa ukikua. Moto wa kuni, basi, hauanzi kutoka mwanzo, kwani sehemu ya matofali ya masizi inaletwa ikiwa tayari.

Ubaya wa masizi ulijulikana kabla ya pete kujulikana. Mwaka 1775 daktari wa upasuaji wa London, Percivall Pott, aliandika kwamba wanaume waliotumikishwa tangu utotoni kupanda ndani ya dohani na kuzikwangua walikuwa wakipata saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani, na akaitaja sababu kuwa ni masizi. Ilichukua miaka 140 mpaka Katsusaburo Yamagiwa na Koichi Ichikawa wa Japani walipochapisha, mwaka 1915, matokeo ya kupaka lami ya makaa ya mawe masikioni mwa sungura, tena na tena kwa miezi, hadi uvimbe wa saratani ukatokea. Hapo ikajulikana kwamba mkosaji yumo ndani ya lami. Lakini lami ina kampaundi chungu nzima. Ni ipi?

Jibu lilipatikana kwa mwanga, na ndiyo sehemu ya historia hii ninayoipenda kuliko zote. Katika taasisi ya utafiti ya Hospitali ya Saratani ya London, chini ya Ernest Kennaway, mtafiti Izrael Hieger alimulika lami mbalimbali kwa mwanga wa urujuanimno, ule usioonekana unaokaa nje ya rangi ya zambarau. Lami zilimrudishia mwanga wao wenyewe, na Hieger akagundua kwamba zile zilizoleta saratani kwa wanyama zilikuwa na alama zinazofanana katika mwanga huo, mistari mitatu mahali palepale. Wakaanza kuchuja. Walichukua tani mbili za lami kutoka kiwanda cha gesi, wakaigawa sehemu kwa sehemu, na kila mara wakafuata sehemu iliyong'aa kwa mistari hiyo na kuiacha isiyong'aa. Mwaka 1933 walifika kwenye fuwele za manjano, nazo zilikuwa benzopireni. Tani mbili za giza ziliongozwa na mng'ao mdogo hadi kwenye dutu moja.

Tabia hiyo ya kupokea mwanga wa aina moja na kurudisha mwanga wa aina nyingine inaitwa fluoresensi. George Gabriel Stokes aliipa jina hilo mwaka 1852, na kitu alichokichunguza sana kilikuwa kwinini iliyoyeyushwa majini. Kwinini ni jirani yetu. Kule Amani, Usambara Mashariki, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902 na kupanda mikwinini, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kituo hicho kilitengeneza dawa ya malaria kwa ajili ya askari wao. Anayetaka kuiona fluoresensi kwa macho yake hahitaji kusafiri. Wakala wa fedha aliye na taa ya zambarau ya kukagulia noti anacho chombo tayari. Weka chupa ya soda ya toniki, ambayo ina kwinini kidogo, mbele ya taa hiyo gizani, na maji maangavu yatawaka buluu. Shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga nalo litang'aa. Hospitalini, vimelea vya kifua kikuu vilivyotiwa rangi maalumu hutafutwa kwa hadubini inayotumia kanuni hiyohiyo.

Kinachotokea ni hiki. Elektroni za pete si mali ya kaboni moja moja. Zimetandazwa juu ya pete nzima. Mwanga wenye nguvu ya kutosha ukiipiga molekuli, elektroni inapanda ngazi. Inakaa juu kwa muda wa sehemu moja ya bilioni ya sekunde au makumi ya sehemu hizo, inapoteza kidogo ya nguvu yake kama joto, kisha inashuka na kutoa mwanga wenye nguvu pungufu kidogo kuliko ule ulioipandisha. Ukubwa wa molekuli unaamua rangi. Waya mfupi wa zeze hutoa sauti ya juu na mrefu hutoa sauti nzito. Vivyo hivyo pete moja au mbili hupokea na kutoa urujuanimno, pete nne zinasogea kuelekea zambarau, na mikusanyiko mikubwa ya pete inaingia kwenye kijani na kuendelea. Kwa hiyo rangi ya mwanga unaorudi inadokeza ukubwa wa aliyeutoa.

Kumulika lami kwenye chupa ni jambo moja, kumulika moto ni jingine. Moto wenyewe una mwanga mwingi, unacheza, na molekuli zinazotafutwa zinaishi kwa sehemu ndogo ya sekunde. Taa ya kawaida haifui dafu. Ilibidi kusubiri leza, ambayo Theodore Maiman aliiwasha kwa mara ya kwanza Mei 16, 1960, huko Malibu, California. Leza inatoa mwanga wa rangi moja, katika mpigo mfupi, kwa nguvu kubwa, unaokwenda pale unapoelekezwa tu.

Tuingie maabara tuutazame mwali mmoja kwa karibu. Mara nyingi unatokana na gesi ya ethilini, kwa kuwa inafahamika vizuri na inatoa masizi mengi. Unasimama wima juu ya kichomeo, umezungukwa na mkondo wa hewa ili usitikisike. Leza iliyo pembeni inazaa mwanga wa infraredi wa nanomita 1,064, na fuwele maalumu zinaukata urefu huo wa wimbi mara mbili au mara nne, zikatoa kijani cha nanomita 532 au urujuanimno wa nanomita 266. Lenzi zinautandaza mwanga uwe karatasi nyembamba, isiyofika milimita moja kwa unene, inayopita katikati ya mwali kutoka juu hadi chini. Mpigo mmoja unachukua kama nanosekunde 10. Gesi ya moto inayopanda kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde inasogea nanomita 10 tu katika muda huo, ambao ni umbali mdogo kuliko upana wa chembe moja ya masizi. Moto umegandishwa. Kamera iliyokaa kando inafumbua jicho kwa muda huohuo na kufumba, na mwanga wa kawaida wa mwali haupati nafasi ya kuvuruga picha.

Picha inayopatikana ni ramani. Chini kabisa, karibu na kichomeo, hakuna mng'ao, kwani gesi haijavunjika. Juu kidogo, ndani ya koni ya mwali, unatokea mng'ao wa urujuanimno: pete moja, mbili, tatu. Milimita kadhaa mbele rangi inahamia kwenye nuru inayoonekana, maana pete zinazidi kukusanyana. Kisha jambo la kuvutia linatokea. Mng'ao unafifia, na palepale unapofifia ndipo masizi yanapoanza. Molekuli zimemezwa na chembe.

Masizi nayo yana namna yake ya kujitangaza. Mwaka 1977 Alan Eckbreth, aliyekuwa akipima miali kwa leza kwa kusudi jingine, alikuta chembe za masizi zinapashwa na leza hadi zinawaka zaidi na kumharibia vipimo. Mwaka 1984 Lynn Melton alionyesha kwamba kero hiyo inaweza kuwa kipimo: leza ya nguvu inapandisha joto la chembe hadi nyuzi karibu 3,700 za Selsiasi, na wingi wa mwanga unaotoka unaonyesha wingi wa masizi. Mng'ao wa molekuli unazimika upesi ilhali mwako wa chembe unadumu zaidi, kwa hiyo kamera inaweza kuvitofautisha kwa kuchagua tu wakati wa kufumbua. Siku hizi maabara nyingi zinapima vyote viwili katika mwali mmoja, pete na masizi, bila kuingiza chombo chochote ndani ya moto. Hilo ni muhimu sana, kwa sababu bomba au kijiko kikiingia kwenye mwali kinaupoza na kuubadili.

Njia hii haimtaji kila mmoja kwa jina. Ndani ya mwali kuna mamia ya kampaundi zinazong'aa kwa wakati mmoja, mwanga wao unapishana, joto linautawanya, na oksijeni iliyo karibu inaupunguza. Fluoresensi inakuambia wapi na ukubwa wa kiasi gani. Kujua ni nani hasa kunataka vyombo vingine. Kikundi cha Napoli cha Mario Commodo na Andrea D'Anna, pamoja na Leo Gross wa IBM Zurich, walichukua chembe changa kutoka kwenye mwali na kuzitazama kwa hadubini inayopitisha ncha kali mno karibu kabisa na uso wa molekuli, na mwaka 2019 wakachapisha picha zinazoonyesha molekuli moja moja, pete zake zikihesabika, baadhi zikiwa na kaboni tano badala ya sita. Mwaka mmoja kabla, K. Olof Johansson, Hope Michelsen na wenzao walikuwa wametoa katika jarida la Science jibu la fumbo la miaka mingi. Katika joto la mwali, pireni mbili zikikutana zinapaswa kuachana, maana joto ni kali kuliko mvuto wao. Masizi yanaanzaje basi? Walionyesha kwamba kazi inafanywa na molekuli zilizopungukiwa haidrojeni moja, zenye elektroni isiyo na mwenzake, ambazo umbo lao linaziwezesha kuishi muda mrefu kidogo. Zinashika jirani kwa kifungo cha kweli, na baada ya kushika zinabaki na elektroni ya pekee nyingine, tayari kushika mwingine. Mnyororo unajiendesha.

Sasa turudi Ngombezi, kwa maana ramani ile ya leza inaweza kusomwa jikoni.

Jambo la kwanza ni kwamba pete zinazaliwa ndani ya mwali, na zinateketea ukingoni, pale manjano yanapokutana na hewa. Mwali ukiachwa umalize safari yake, sehemu kubwa ya pete na masizi inachomwa huko juu na kuwa hewa ya kaboni dioksidi. Mwali ukikatwa njiani, kilichokuwa ndani kinatoka kama kilivyo. Sufuria baridi iliyokalia mafiga mafupi, tumbo lake likiwa ndani ya moto, inaukata mwali. Kuni mbichi zinaukata, maana joto linaishia kukausha maji. Kuni zilizosongamana hadi hewa haipiti zinaukata. Mafiga yaliyoinuliwa kidogo, kuni chache zilizokauka na nafasi ya hewa chini yake vinaurefushia mwali maisha. Mama zetu waliyajua haya kwa mikono kabla ya leza kuzaliwa. Leza imeonyesha kwa nini.

La pili ni moshi mweupe au wa kijivu wa moto unaofifia, unaotoka wakati wa kuwasha au wa kufukiza. Wengi wanauona mwepesi kuliko ule mweusi. Ni mvuke wa lignini na lami uliopita bila kuchomwa hata kidogo, na umebeba pete. Huko Laikipia, Kenya, Majid Ezzati na Daniel Kammen walifuatilia kaya zinazopikia kuni na mkaa, na katika matokeo waliyochapisha kwenye jarida la Lancet mwaka 2001 walionyesha kwamba maradhi ya njia ya hewa yanaongezeka kadiri mtu anavyovuta moshi zaidi. Walipima pia kwa ukaribu mienendo ya wapishi, na wakakuta kwamba dakika zile za kuinama jikoni, kuwasha, kuongeza kuni na kukoroga, zinabeba sehemu kubwa ya moshi wote anaouvuta mtu kwa siku. Kwa hiyo mtoto mgongoni wakati wa kupuliza moto anavuta ule moshi mbaya zaidi wa siku nzima. Mpishi akipata wa kumshikia mtoto nje kwa dakika hizo, faida yake ni ya kweli.

La tatu ni kibatari. Vibatari vimepungua tangu taa za sola na umeme vijijini visambae, lakini havijaisha. Utafiti wa Nicholas Lam, Kirk Smith na wenzao wa mwaka 2012 ulikuta kwamba kibatari cha utambi kinageuza asilimia 7 hadi 9 ya mafuta ya taa yanayoungua kuwa chembe ambazo karibu zote ni kaboni nyeusi. Lita moja ya mafuta ya taa ina uzito wa kama gramu 800, kwa hiyo ni gramu 56 hadi 72 za masizi kwa kila lita, ndani ya chumba ambamo mwanafunzi ameinamia daftari. Katika nyumba, sijui matumizi mabaya ya mafuta kuliko haya.

Mkaa una hadithi tofauti. Unawaka bila mwali mkubwa wa manjano kwa kuwa pete na lami zilishaondoka kwenye tanuri, huko porini Handeni au kwingine ulikochomwa. Madhara yake hayakufutwa. Sehemu imehamishiwa kwa mchoma mkaa anayekaa siku nyingi kando ya tanuri linalofuka. Na kwa mpikaji mkaa unabaki na hatari yake, hewa ya monoksidi ya kaboni isiyo na harufu, ambayo inaua kwenye chumba kilichofungwa. Jiko la mkaa lisilale ndani na watu.

Plastiki nayo isiwe kiwashio. Vile vifungashio vyeupe vya povu vimetengenezwa kwa polistirini, mnyororo mrefu wenye pete ya benzeni iliyoning'inia kila hatua. Ukivichoma, moto haupati kazi ya kujenga pete, na ndiyo sababu moshi wake ni mweusi tii kuanzia mwali wa kwanza.

Gesi ya mitungi ni molekuli za kaboni tatu au nne, zinachanganyika na hewa kabla ya kuwaka, na mwali wake wa buluu unapata oksijeni mapema mno kwa pete kujijenga. Ukiona jiko la gesi limeanza kutoa manjano na sufuria kuwa nyeusi, tundu la hewa limeziba, lisafishwe. Watafiti waliopima jikoni kwenye Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2011, walikuta tofauti kubwa ya chembe na ya haidrokaboni za pete nyingi kati ya wapikao kwa kuni za wazi na wapikao kwa gesi, gesi ikiwa chini kabisa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka 10 unaotaka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lengo ni zuri, ila mtungi unaoisha hauna msaada kwa kaya isiyo na hela ya kuujaza, na itarudi kwenye mafiga siku hiyohiyo. Ndiyo maana natazama kilicho karibu. Jani la mkonge linatoa nyuzi kidogo sana, takriban asilimia 4 ya uzito wake; mengine yote, majimaji na nyama ya jani, ni taka za korona. Hale, katika wilaya hiihii ya Korogwe, ulijengwa katika miaka ya 2000 mtambo wa majaribio wa kugeuza taka hizo kuwa biogesi na kufua umeme, kwa ushirikiano na shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, UNIDO. Sehemu inayowaka ya biogesi ni methani, yenye kaboni moja tu. Katika nishati zote nilizotaja, hiyo ndiyo inayopata taabu zaidi kutengeneza masizi.

Kwa wanaosimamia mkonge na wanaopanga nishati ya mkoa wa Tanga, ombi langu ni kwamba biogesi ya taka za mkonge ifikishwe pia jikoni mwa wanaoukata. Na kwa wanaobuni majiko banifu, jiko lipimwe kwa kinachotoka kwenye mwali wake, pamoja na kuni linazookoa, kwa sababu kuni chache zinazofuka zinaweza kumdhuru mpishi kuliko nyingi zinazowaka. Wewe msomaji unayepikia kuni, wakati tunayasubiri hayo, anika kuni zako kabla ya masika, inua mafiga, na uwashe moto nje ya kibanda kila unapoweza.